Leipzig, Mji wa Nyimbo

Sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro tulilisikia jina la Leipzig kabla hatujajua kusoma. Wazee wetu walilitamka pamoja na neno misioni, wala wengi wao hawakufikiri kwamba ni mji wenye soko na nyumba na watu wanaogombana juu ya bei kama miji mingine. Kwao Leipzig ilikuwa mahali walikotoka waalimu. Nao walisema kweli, maana chama cha misioni cha mji huo ndicho kilichowatuma wale waliofika Machame mwaka 1893, na pamoja na Kitabu na shule wakatuletea tenzi zao, zikatiwa maneno ya lugha zetu. Baadaye yakaja na matarumbeta, ambayo leo katika sharika nyingi za kwetu hayakosekani siku ya Pasaka wala siku ya maziko. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliondoshwa katika nchi, na sharika zikabaki mikononi mwa waalimu Waafrika. Babu yangu aliambiwa na baba yake kwamba katika miaka ile vitabu vilichakaa, lakini nyimbo hazikupotea, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kukaa vichwani mwa watu.

Mimi ni mwalimu wa shule, tena naongoza kwaya, na tangu utoto nilikuwa na wazo moja nisilomwambia mtu. Nilidhani ya kwamba mji uliotoa nyimbo kama zile hauwezi kuwa na watu wabaya ndani yake. Basi nilipoalikwa pamoja na wenzangu wawili kuzuru usharika rafiki katika nchi ya Saksonia, na kupewa siku nne za kukaa Leipzig, nalichukua wazo hilo pamoja na koti la kuazima. Koti lilinifaa sana. Habari za lile wazo ndizo nitakazozieleza.

Ukishuka katika treni, ndugu msomaji, hukuti mji wa kifalme. Watawala wa Saksonia walikaa Dresden, na huko ndiko walikojenga majumba yao. Leipzig ulikuwa mji wa wachuuzi. Ulikaa mahali zilipokutana njia kuu mbili za biashara, moja ya mashariki na magharibi, na moja ya kaskazini na kusini, na magulio yake yalithibitishwa kwa hati ya mfalme Maximilian mwaka 1497. Chuo Kikuu chake kilianza mwaka 1409. Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayofumbua jambo la muziki. Katika miji mingine ya zamani muziki mkubwa ulikuwa mali ya mfalme, naye aliwaweka wapiga vinanda nyumbani mwake kama alivyowaweka wapishi. Leipzig haukuwa na mfalme wa kuulipia, kwa hiyo ulilipiwa na kanisa, na baraza la mji, na wafanya biashara wenyewe. Mwaka 1743 wafanya biashara walichanga fedha wakaweka kundi la wapigaji 16, nao walipiga katika nyumba ya wageni. Mwaka 1781 wakahamia katika ukumbi uliojengwa ndani ya nyumba ya wauza nguo, ambayo kwa Kijerumani ni Gewandhaus. Jina hilo la dukani halikuwaondoka tena. Leo kundi hilo ni kati ya makundi yenye sifa kuu duniani, na bado linaitwa kwa jina la nyumba ya nguo.

Lakini kabla ya wafanya biashara palikuwa na watoto. Shule ya Mtakatifu Thomas na kwaya yake huhesabu miaka yao tangu mwaka 1212. Watoto wa maskini walipokewa humo, wakapewa kitanda na chakula na elimu, na malipo yao yalikuwa ni kuimba: waliimba kanisani, waliimba barabarani mbele ya milango ya watu, na waliimba makaburini. Mkuu wao wa uimbaji aliitwa Kantori. Mwezi wa Mei mwaka 1723 cheo hicho alipewa mtu wa miaka 38, Johann Sebastian Bach, aliyetoka Köthen alikokuwa mkuu wa muziki wa mtawala mdogo.

Hapa nawaomba waalimu wenzangu wasome polepole. Huyo Bach, ambaye leo jina lake linatajwa na kila ajuaye muziki, hakuwa mtu aliyetakiwa. Baraza la mji lilimchagua kwanza Telemann, naye akaongezewa mshahara Hamburg akabaki huko. Likamtaka wa pili, Graupner, bwana wake akakataa kumwachia. Ndipo likamchukua Bach, na mmoja wa wazee wa baraza akasema ya kwamba kwa kuwa wale bora hawapatikani, hawana budi kuchukua wa kadiri.

Kazi yake ilikuwa ya mwalimu. Alikaa na jamaa yake katika nyumba hiyo hiyo ya shule, ukuta mmoja na wanafunzi wa bweni. Alitakiwa kufundisha uimbaji na Kilatini pia, na kwa Kilatini akamlipa mtu mwingine kutoka mshahara wake. Katika miaka ya kwanza alitunga karibu kila juma wimbo mrefu wa ibada, uitwao kantata, wenye sauti nyingi na vinanda, kwa ajili ya Jumapili iliyofuata. Mkewe Anna Magdalena, na wanawe, na wanafunzi wake waliketi wakinakili karatasi za waimbaji, wino ukauke upesi, maana mazoezi yalikuwa karibu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1724 wakaimba Mateso ya Bwana kama alivyoyaandika Yohana, katika kanisa la Nikolai. Kantata zake zipatazo 200 zimebaki. Nyingine zilipotea.

Katika jumba la makumbusho la Bach, linaloelekeana na kanisa la Thomas, mwenyeji wetu alitufasiria habari za barua mbili, na hizi ndizo zilizonifanya nijisikie niko nyumbani. Ya kwanza aliwaandikia wazee wa baraza mwezi wa Agosti mwaka 1730. Aliwahesabia wanafunzi wake kama mwalimu ahesabuvyo mwisho wa muhula. Alisema 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, na 17 hawafai kabisa. Na kwa hao wote alitakiwa kuhudumia makanisa manne kila Jumapili. Nani kati yetu hajawahi kuandika hesabu ya namna hiyo, ingawa hakuipeleka? Ya pili alimwandikia rafiki yake wa utotoni mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, akitafuta kazi mahali pengine. Alieleza ya kwamba sehemu ya mapato yake hutoka katika maziko, na hewa ikiwa njema watu hawafi kwa wingi. Hata mwaka uliotangulia alipungukiwa zaidi ya taleri 100 kwa sababu ya hewa njema. Tulicheka sana, na mwenyeji wetu akacheka pamoja nasi. Lakini mtu aliyekuwa na watoto wengi, naye amekwisha kuwazika wengine, sidhani alicheka alipoandika.

Hakupata kazi nyingine. Alikaa Leipzig miaka 27, baraza likimlalamikia kwamba hafundishi inavyopasa, naye akililalamikia kwamba halimpi waimbaji wa kutosha. Macho yake yalipoharibika, na afya yake ikapungua, baraza lilimwita mtu mwingine kujaribiwa kwa kazi yake mwezi wa Juni mwaka 1749, mwenyewe yu hai bado. Mwaka 1750 alipasuliwa macho mara mbili na tabibu Mwingereza, asipone, na tarehe 28 Julai akafa. Akazikwa katika uwanja wa kanisa la Yohana, nje ya ukuta wa mji, wala halikuwekwa jiwe lenye jina lake. Wazee walipokutana kuchagua mrithi, mmoja wao alisema shule inahitaji mwalimu wa uimbaji, si mkuu wa muziki.

Na mjane wake je? Anna Magdalena alikuwa mwimbaji aliyelipwa mshahara kabla ya kuja Leipzig, huko aliacha. Alizaa watoto 13 akazika 7. Mumewe alipokufa aliruhusiwa kukaa katika nyumba ya shule miezi sita. Nakala za nyimbo zaidi ya 40 alizoziachia shule zipo mpaka leo, nazo ni hazina isiyopimika. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1760 akiwa katika hesabu ya wanawake wanaolishwa kwa sadaka. Kantata za mumewe zilipoimbwa, mji ulikuwa umekaa kwenye viti vya kanisa ukisikiliza. Yeye alipokuwa na njaa, mji ulikuwa pale pale. Niliposimama mbele ya karatasi zenye mwandiko wake, ulio sawa sana na wa mumewe, nilianza kuona mashaka juu ya wazo langu.

Siku ya pili tulikwenda kutazama sanamu mbili zilizo karibu na kanisa la Thomas, na habari za sanamu hizo mbili ni habari moja.

Baada ya kufa Bach nyimbo zake kubwa zilisikiwa kwa nadra. Wanafunzi walijua vitabu vyake vya mazoezi ya kinanda, na kwaya ya Thomas iliendelea kuimba baadhi ya nyimbo zake, lakini Mateso ya Bwana kwa Mathayo yalilala katika karatasi. Aliyeyaamsha ni Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliyeyaongoza Berlin mwezi wa Machi mwaka 1829. Mendelssohn alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi. Babu yake, Moses Mendelssohn, alikuwa mwanafalsafa mashuhuri wa Wayahudi. Felix alibatizwa angali mtoto. Mwaka 1835 aliitwa Leipzig kuongoza kundi la Gewandhaus, na hapo mji ukaanza kupata sifa iliyo nayo sasa. Alikuta kwamba mji hauna hata jiwe moja la kumkumbuka Bach. Basi tarehe 6 Agosti mwaka 1840 aliketi peke yake mbele ya kinanda kikubwa cha kanisa la Thomas, akapiga nyimbo za Bach mbele ya watu waliolipa, apate fedha za ukumbusho. Mwaka 1841 akaongoza Mateso kwa Mathayo katika kanisa lile lile yalimotungiwa. Mwaka 1843 ukumbusho ukafunuliwa, na kati ya waliohudhuria alikuwamo mjukuu wa Bach, mzee wa zaidi ya miaka 80. Mwaka huo huo Mendelssohn alifungua chuo cha muziki, cha kwanza cha namna yake katika Ujerumani. Akafa mwaka 1847, miaka 38 tu.

Mji ulimheshimu. Mwaka 1892 ukamsimamishia sanamu mbele ya jumba jipya la Gewandhaus. Kisha wakaja Wanazi, waliofundisha kwamba Myahudi hana sehemu katika nchi, hata akiwa amebatizwa, hata akiwa amekufa. Mwaka 1935 Leipzig ulifanya sikukuu kubwa ya kukumbuka miaka 250 tangu kuzaliwa Bach. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba, sanamu ya mtu aliyemfufua Bach ikavunjwa. Meya wa mji, Carl Goerdeler, aliyekataa jambo hilo, alikuwa safarini nchi ya nje, na naibu wake aliitumia nafasi hiyo. Goerdeler aliporudi alitaka irudishwe, hakusikilizwa, akajiuzulu. Baadaye aliingia katika shauri la kumpindua Hitler, akakamatwa, akauawa mwezi wa Februari mwaka 1945.

Nilimwuliza mwenyeji wetu, kwaya ya Thomas ilikuwa wapi miaka ile? Akasema, ilikuwa pale pale, ikiimba. Wala haikuacha kuimba Bach.

Hakuongeza neno, akatuongoza kwa miguu mpaka mtaa mmoja si mbali na hapo. Tukakuta kiwanja kitupu, na juu yake viti vya shaba 140 vimepangwa safu safu kama vya mkutano, wala hakuna mtu. Hapo palikuwa na sinagogi kuu la Wayahudi wa Leipzig. Lilitiwa moto usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba mwaka 1938, miaka miwili kamili baada ya kuvunjwa ile sanamu. Wayahudi wa mji huo walikuwa zaidi ya elfu kumi Hitler alipotwaa madaraka. Waliowahi kukimbia walikimbia. Waliobaki walichukuliwa kwa treni kwenda kuuawa. Viti viliwekwa mwaka 2001. Mwenzangu mmoja alikuwa amechoka, akataka kukaa. Kisha akakumbuka ni viti vya nani, akabaki amesimama.

Wazo langu la utotoni niliacha pale. Watu waliochoma nyumba ile walikuwa wa mji ambao watoto wake wameimba miaka mia saba. Wengine labda walijua sauti ya nne ya tenzi zile zile tunazoziimba sisi. Mimi hufundisha kwaya kila Jumatano, na mara nyingi nimewaambia vijana kwamba uimbaji mzuri huulainisha moyo. Neno hilo sijalisema tena tangu nirudi.

Vita vikaurudia mji wenyewe. Tarehe 4 Desemba mwaka 1943 ndege za Waingereza ziliushambulia, na kanisa la Yohana, alikozikwa Bach, likabomolewa. Mifupa iliyoaminiwa kuwa yake, iliyofukuliwa mwaka 1894, ilihamishwa, na tangu mwaka 1950 imelala katika kanisa la Thomas, chini ya bamba la shaba lenye jina tu. Kisha ikaja serikali ya kikomunisti, nayo ilikuwa na ubomoaji wake: tarehe 30 Mei mwaka 1968 ililipua kanisa la Chuo Kikuu, ambalo mabomu ya vita yaliliacha zima.

Siku ya tatu tuliingia kanisa la Nikolai, ambamo Mateso kwa Yohana yaliimbwa mara ya kwanza. Ndani ni peupe, na nguzo zake zimechongwa vichwani kama mitende. Tangu mwaka 1982 watu walikusanyika humo kila Jumatatu jioni kuomba amani. Mwanzoni walikuwa wachache. Mwaka 1989 wakawa wengi hata kanisa likawa dogo, na baada ya maombi walitoka wakatembea barabarani. Mwezi wa Septemba wengi wao walikamatwa. Tarehe 9 Oktoba serikali ilileta askari wengi, na watu walisikia kwamba risasi zitatumika. Hata hivyo walitoka, wapata 70,000. Mwenyeji wetu alikuwa mmoja wao. Alisema yeye na mkewe walikata shauri kwamba mmoja atakwenda na mmoja atabaki, ili watoto wasikose mzazi. Alikwenda yeye, na mshumaa. Nao mshumaa, alisema, huhitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mmoja wa kuukinga na upepo, na mwenye mshumaa hana mkono wa kutupia jiwe.

Jioni ile sauti ilisikika katika vipaza sauti vya mjini ikiwasihi watu wote wazuie ghasia na kuahidi mazungumzo. Ilikuwa sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa muziki wa Gewandhaus, aliyeketi mchana na watu wengine watano, watatu wao wakiwa viongozi wa chama kilichotawala, wakaandika tamko hilo. Askari hawakupiga risasi. Katika majuma yaliyofuata Masur aliufungua ukumbi wa Gewandhaus, watu wakaja kusema hadharani mambo ambayo kwa miaka 40 waliyanong'ona. Mwezi mmoja baada ya usiku ule ukuta wa Berlin ulifunguka.

Nilimwuliza mzee, je, walimsikiliza kwa sababu ni mwanamuziki? Akafikiri kitambo. Alisema walimsikiliza kwa sababu sauti yake waliijua, na kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwenye cheo alisema nao kama watu wazima.

Sanamu ya Mendelssohn iliyo karibu na kanisa la Thomas ni mpya, imefuata mfano wa ile ya kwanza, nayo ilisimamishwa mwaka 2008. Mji ulikaa miaka 72 bila hiyo. Hatua chache tu kutoka hapo yuko Bach wa shaba, na mfuko mmoja wa koti lake umegeuzwa nje. Watu husema kwa utani ni dalili ya kwamba mshahara haukutosha.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Saa tisa alasiri tuliingia kanisa la Thomas, kwa kuwa kwaya huimba pale Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, kama ilivyo desturi yao ya tangu zamani. Kanisa lilijaa. Watoto waliingia katika roshani nyuma yetu, juu, hatukuwaona, tuliwasikia tu. Wimbo wa tatu ulikuwa utenzi mmoja ninaoujua kwa maneno ya Kiswahili tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na midomo yangu ikaanza kwenda bila ruhusa. Bibi aliyeketi kando yangu alinitazama, akasogeza karatasi yake katikati yetu nipate kuona maneno ya Kijerumani. Sikumwambia kwamba ninayo ya kwetu.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa ikinyesha. Wale waimbaji walikuwa wamekwisha kuvua mavazi yao ya kwaya, wakapita mbio na mifuko yao ya vitabu mgongoni, wakisukumana. Mmoja mdogo alianguka katika dimbwi karibu na sanamu ya Bach, mwenzake akamcheka, kisha akampa mkono akamwinua.